UZI: Liechtenstein, nchi tajiri iliyopiga kura ikabaki bila redio yake

Mto Kagera (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Tarehe 3 Aprili 2025 Radio Liechtenstein ilirusha matangazo yake ya mwisho. Hakuna mamlaka iliyoifungia, wala mtawala hakutoa amri. Ni wananchi. Tarehe 27 Oktoba 2024 walipiga kura ya maoni, na zaidi kidogo ya asilimia 55 wakakubali kufuta sheria iliyoifanya redio hiyo kuwa ya umma. Waliopeleka hoja, chama cha Demokraten pro Liechtenstein (DpL), walisema ibinafsishwe ijitegemee. Mwekezaji akatafutwa, hakupatikana. Mitambo ikazimwa.

Miaka miwili kabla ya hapo, Machi 2023, gazeti la Volksblatt lililoanza mwaka 1878 lilitoa toleo lake la mwisho. Kwa hiyo nchi imebaki na gazeti moja tu la kila siku, Vaterland, ambalo kwa historia yake ni la upande wa chama cha Vaterländische Union (VU).

Nimeleta mada hii kwa sababu humu tukizungumzia uhuru wa habari tunaishia kwenye sheria na polisi. Kule sheria ni nzuri na waandishi hawawekwi ndani, lakini vyombo vinakufa. Mimi nasema kinachoamua nani aseme nini hadharani Liechtenstein ni udogo wa jamii na namna uchumi wake ulivyojengwa. Sheria inakuja nyuma kabisa.

Kwa wasioijua: iko katikati ya Uswisi na Austria, kilomita za mraba 160, watu 40,000 hivi. Dar es Salaam kuna kata zenye watu wengi kuliko hao. Ina manispaa 11, makao makuu ni Vaduz. Bunge lina wabunge 25, 15 wa jimbo la Oberland na 10 wa jimbo la Unterland. Mkuu wa nchi ni mtawala wa kurithi, Hans-Adam II, aliyeshika utawala mwaka 1989, lakini tangu Agosti 2004 kazi za kila siku anazifanya mwanawe, Alois. Raia wakikusanya sahihi 1,000 wanaweza kuipeleka sheria kwenye kura ya maoni, na kwa katiba ni 1,500.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mwandishi wa habari wa pale. Waziri unayetaka kumbana kwa maswali alisoma darasa moja na dada yako. Meneja wa benki unayemchunguza mnakaa benchi moja kanisani. Mwenye kiwanda ndiye anayefadhili timu ya mpira ya mtoto wako. Ukiandika habari kali Jumatatu, Jumanne mtakutana dukani. Hakuna anayekutisha. Unajua tu kwamba utaishi na watu hao hao hadi uzeeni, na kalamu inapunguza makali yenyewe.

Karibuni tujadili.

---

Binti wa Chake

Asante mleta mada. Lakini hapo kwenye pesa sijaelewa. Nchi inayohesabiwa kati ya tajiri kuliko zote duniani kwa kipato cha mtu mmoja mmoja, inakosaje matangazo ya biashara ya kulisha kituo kimoja cha redio na magazeti mawili?

---

Mto Kagera

Dada, hapo ndipo penye kiini chenyewe.

Utajiri wa Liechtenstein unatengenezwa pale lakini hauuzwi pale. Hilti, kampuni iliyoanzishwa Schaan mwaka 1941, inauza mashine za kutoboa zege duniani kote. Ivoclar inatengeneza vifaa vya madaktari wa meno. Pale Eschen kuna kiwanda kikubwa cha mifumo ya usukani wa magari. Wateja wao wako Ujerumani, Marekani, China. Kampuni ya namna hiyo itanunua tangazo kwenye redio ya watu 40,000 ili imuuzie nani? Inaweza kulipia tangazo la nafasi za kazi, au ukurasa wa pongezi siku ya taifa. Basi.

Benki ni hivyo hivyo, mteja wake mkubwa yuko mbali, na kwa miongo mingi mteja huyo alipenda kukaa kimya kuliko kusikika.

Kinachobaki ni maduka, mafundi, migahawa, wauza magari. Hao nao wanashindana na maduka ya Uswisi ng'ambo ya mto Rhine, kwa sababu tangu mkataba wa forodha wa 1923 nchi hizo mbili ni soko moja na sarafu ni faranga ya Uswisi. Anayetaka kuwafikia wateja wa bonde lote la Rhine anatangaza kwenye vyombo vya Uswisi, na wa Liechtenstein wamo humo humo.

Ndiyo maana vyombo vya pale vilisimama kwa miguu miwili: chama na ruzuku ya serikali. Ukipungua mmoja, chombo kinayumba.

---

Fundi Feldkirch

Wakuu, mimi naishi Feldkirch upande wa Austria, na kazi yangu iko kiwandani ndani ya Liechtenstein. Niongezee jambo moja ambalo mtu wa mbali halioni haraka.

Nchi hii ina ajira nyingi kuliko wakazi. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi tunaingia asubuhi na kutoka jioni. Njoo mpaka wa Tisis na Schaanwald asubuhi ya siku ya kazi uone foleni ya magari, na maofisa wa forodha waliosimama pale ni wa Uswisi, kwa mkataba huo huo aliousema mleta mada. Kuhamia ndani ni shida, hata kwa raia wa nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya, kwa sababu vibali vya ukaazi vina idadi maalumu kila mwaka na sehemu yake hutolewa kwa bahati nasibu. Kwa hiyo tunajenga uchumi wao mchana, usiku tuko kwetu.

Sasa angalieni mawasiliano. Mimi kwenye gari nasikiliza redio ya Austria, maana nataka kujua habari za shule ya watoto wangu na barabara za kwetu. Mwenzangu wa Buchs anasikiliza ya Uswisi. Bunge la Vaduz likipitisha jambo linalogusa kazi yetu, mara nyingi tunalisikia kwa msimamizi kantini. Kura hatupigi. Gazeti hatununui. Nchi ina wafanyakazi wa kutosha mji wa wastani, lakini wasikilizaji wake ni wa mji mdogo. Takwimu za uchumi haziwezi kukuonesha pengo hilo, na redio ilikufa humo.

Na ya ndani kabisa: ndani ya nchi yenyewe karibu theluthi ya wakazi ni raia wa kigeni. Wanaishi pale, wanalipa kodi pale, lakini hoja ya redio haikupita mikononi mwao.

---

Mzalendo Tanga

Mimi naomba nipinge kidogo. Gazeti la chama likifa ni hasara ya nani? Magazeti yote mawili yalikuwa ya vyama. Wananchi wametoa hukumu yao. Demokrasia imefanya kazi.

---

Mto Kagera

Mkuu, hoja yako ina uzito, lakini tazama historia kwanza.

Volksblatt lilikuwa upande wa chama cha FBP, Vaterland upande wa VU. Vyama hivi viwili viliungana kuendesha serikali kuanzia 1938 hadi 1997. Karibu miaka 60 serikali moja, vyama viwili ndani yake! Kwa sehemu kubwa ya muda huo bungeni hapakuwa na upinzani wowote. Chama cha tatu, Freie Liste, kiliingia bungeni mwaka 1993.

Mabishano yalifanyikia wapi basi? Yalifanyikia kwenye kurasa za magazeti hayo mawili. Waliokaa pamoja mezani serikalini walichapana kwa wino kila asubuhi. Familia ilijulikana kwa gazeti linaloingia mlangoni kwake. Ukitaka kujua ukweli wa jambo ulisoma yote mawili, ukapima.

Na kulikuwa na kitu ambacho mimi nakithamini kuliko makala za wahariri: barua za wasomaji. Kura ya maoni ikikaribia, barua hujaa kurasa kwa kurasa. Mkulima, mwalimu mstaafu, mbunge, mama wa nyumbani, wote wanaandika kwa jina kamili na kijiji. Huwezi kujificha, kila mtu atajua ni wewe. Kwa hiyo lugha inakuwa ya adabu hata pale hasira inapochemka, na anayeandika amejipanga, maana jirani atamuuliza. Hapo udogo unasaidia.

Lakini wenye la kusema na wasioweza kulibeba jina lao mbele ya mwajiri, au mbele ya ukoo, hawaandiki kabisa. Sauti zao hazihesabiki popote.

Barua hizo sasa zina gazeti moja tu la kuchapwa. Mhariri mmoja ndiye anayeamua ipi itoke lini. Hata awe mwadilifu kiasi gani, hilo si jambo dogo kwa nchi ambayo wananchi wake wanaitwa kwenye kura mara kwa mara.

---

Mzalendo Tanga

Hapo kwenye barua nimekuelewa mkuu. Na huyo mtawala je? Anasemwa hadharani au ni mwiko?

---

Mto Kagera

Anasemwa, na yeye pia anasema, kwa sauti kubwa kuliko watawala wengine wote wa Ulaya ninaowajua. Tuanze na nguvu zake. Anaweza kukataa kutia saini sheria, na isipotiwa saini haipo. Halipwi mshahara na serikali, familia ina mali yake, ikiwemo benki ya LGT. Huwezi kumtisha kwa kumkatia bajeti. Hiyo inabadilisha kabisa mazungumzo kati ya mtawala na watu wake.

Kesi inayoonesha jambo hili vizuri ni ya Herbert Wille. Alikuwa rais wa mahakama ya utawala. Tarehe 16 Februari 1995 alitoa mhadhara kwenye taasisi ya utafiti ya Liechtenstein-Institut. Akasema kuwa ukitokea mvutano wa tafsiri ya katiba kati ya mtawala na bunge, mahakama ya katiba ina mamlaka ya kuamua. Hoja ya kitaaluma, mbele ya watu wachache, habari yake ikatoka gazetini. Siku 11 baadaye alipokea barua kutoka kwa Hans-Adam II mwenyewe, ikimwambia kwamba kwa maoni hayo hafai kushika wadhifa wa umma, na hatateuliwa tena. Mwaka 1997 bunge lilimpendekeza tena. Mtawala akakataa.

Wille hakukamatwa wala kutozwa faini. Alikosa kazi. Na katika nchi yenye mahakama za kuhesabika kwa vidole, jaji akikosa kiti hana mji mwingine wa kuhamia akaendelee na taaluma yake. Alikwenda Strasbourg, na tarehe 28 Oktoba 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua kwamba uhuru wake wa kujieleza ulivunjwa.

Angalia mfululizo uliofuata. Mwaka 2003 ikaja kura ya maoni juu ya mapendekezo ya mtawala ya kubadili katiba. Hans-Adam alisema wazi kuwa akishindwa, familia yake itahamia Vienna. Tume ya Venice, jopo la wataalamu wa katiba la Baraza la Ulaya, ilikuwa imekosoa mapendekezo yake. Akashinda kwa asilimia 64 hivi. Mwaka 2012 kikundi cha raia kikataka kura ya turufu ya mtawala isitumike juu ya jambo ambalo wananchi wameshaamua. Hoja hiyo ikakataliwa kwa asilimia 76.

Je, waliopiga kura walitishwa? Siamini hivyo. Wengi wanampenda mtawala wao kwa dhati, wanaona yeye ndiye anayewatofautisha na kanda nyingine yoyote ya bonde la Rhine. Lakini mdai mmoja anapoweza kusema "nitaondoka" na nchi nzima ikashika tumbo, mjadala haujawa wa watu walio sawa.

---

Mama Wawili Iringa

Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa niseme la akina mama, kwa sababu ndilo lililonifanya niijue nchi hiyo.

Wanawake wa Liechtenstein walipata haki ya kupiga kura za kitaifa tarehe 1 Julai 1984. Elfu moja mia tisa themanini na nne, jamani! Na waliopiga kura kuamua hilo ni wanaume peke yao: 2,370 waliokubali, 2,251 waliokataa. Tofauti ni kura 119. Kabla yake walishakataa mwaka 1971 na tena 1973.

Ukichunguza walivyopambana utaona kile anachokisema mleta mada. Kina mama waliunda kikundi kilichoitwa Aktion Dornröschen, jina la yule binti wa hadithi aliyelala miaka mia. Ndani ya nchi kila aliyeongea alikuwa mke wa fulani, binti wa fulani. Ukipinga hadharani unaonekana umemwaibisha mume. Walipokwenda Strasbourg mwaka 1983 kulalamika kwa Baraza la Ulaya, nyumbani walilaumiwa kwa kuanika mambo ya ndani mbele ya wageni. Mwaka uliofuata haki ikapatikana.

Wille Strasbourg, kina mama Strasbourg. Naona kama jamii hiyo ndogo ilihitaji sauti yake itoke nje kwanza, irudi na mhuri, ndipo isikike.

---

Mto Kagera

Mama, hilo la Strasbourg mara mbili sikuwa nimeliunganisha. Asante sana.

---

Binti wa Chake

Na upande wa benki? Ile kashfa ya kodi iligusaje mawasiliano yao na dunia?

---

Mto Kagera

Ilibadilisha mengi. Mwaka 2000 kikosi cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha kiliiweka Liechtenstein kwenye orodha ya nchi zisizotoa ushirikiano. Wakatoka mwaka uliofuata, na mwaka 2004 wakaajiri kampuni ya London, Wolff Olins, kuwatengenezea nembo ya nchi kama vile kampuni inavyotengenezewa. Rangi ya bilinganya iliyokolea, ikafika mpaka kwenye vipeperushi.

Halafu Februari 2008 bomu likalipuka. Heinrich Kieber, aliyewahi kufanya kazi LGT Treuhand, alikuwa ameuza data za wateja kwa idara ya ujasusi ya Ujerumani. Mkuu wa posta ya Ujerumani, Klaus Zumwinkel, akafikiwa na wapelelezi wa ukwepaji kodi nyumbani kwake mbele ya kamera. Na benki iliyoguswa ni ya familia ya mtawala! Kwa hiyo sauti ya serikali, sauti ya benki na sauti ya ikulu zikachanganyika. Alois aliilaumu Ujerumani hadharani kwa njia iliyotumika. Wajerumani walichosikia ni mwenye benki akitetea benki.

Tarehe 12 Machi 2009 serikali ikatoa tamko la kukubali viwango vya kimataifa vya kubadilishana taarifa za kodi. Kimya kilichokuwa bidhaa kikaanza kuondolewa rafuni. Tangu hapo viongozi wao nje wanazungumzia viwanda, utafiti na kanuni. Naiona kama hatua njema, na naamini haikuja kwa hiari. Magazeti ya nyumbani hayakuianzisha kashfa hiyo. Ilianzia Ujerumani.

---

Fundi Feldkirch

Mleta mada, usiwaonee pia. Kuna mawasiliano ya pale ambayo nchi kubwa haziwezi. Mikutano ya bunge inaoneshwa moja kwa moja kwenye chaneli ya serikali. Kabla ya kura, kila mpiga kura anapokea nyumbani kijitabu chenye hoja, na wengi wanarudisha kura kwa posta. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya taifa, watu wanakusanyika uwanja wa majani kando ya ngome ya Vaduz. Alois anahutubia kwa niaba ya mtawala, na spika wa bunge naye anahutubia pale pale. Kisha unaweza kumkuta waziri amesimama na glasi mkononi ukamwambia barabara ya kwenu ina mashimo.

Na lugha: kuandika wanaandika Kijerumani sanifu, lakini mitaani na majumbani ni lahaja yao ya Kialemani, na Triesenberg juu milimani wana ya kwao, ya Wawalser. Gazeti huwezi kulisikia. Redio ndiyo iliyokuwa na sauti za watu wa pale, na kwa kweli mimi ambaye sikuisikiliza sana nimeanza kuona ukimya wake. Redio ilipokuwepo, kilichotokea kijijini ulikisikia mchana huo huo. Siku hizi ni WhatsApp, na kila kundi lina toleo lake.

---

Mzalendo Tanga

Basi warudishe redio. Si walisema sahihi 1,000 zinatosha?

---

Mto Kagera

Mkuu, kwa kuileta hoja zinatosha. Lakini mambo mawili yamesimama njiani.

La kwanza ni siasa. Uchaguzi wa Februari 2025 VU walipata viti 10, na DpL, wale wale walioleta hoja ya kuifuta redio, wakapanda kutoka viti 2 hadi 6. Tarehe 10 Aprili, wiki moja baada ya redio kuzima, Brigitte Haas wa VU akawa mkuu wa serikali, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mama Wawili Iringa nadhani amefurahi, na mimi pia. Lakini chama kinachoongoza serikali sasa ndicho chenye ukaribu wa kihistoria na gazeti pekee lililobaki. Sisemi Vaterland litageuka kipaza sauti, lina waandishi wazuri. Nasema hakuna mwingine wa kulisahihisha likikosea.

La pili ni katiba yenyewe. Hoja ya wananchi ikiwa itaigharimu serikali kuanzia faranga 500,000 kwa mara moja, au 250,000 kwa mwaka, lazima iletwe pamoja na pendekezo la pesa zitakakotoka. Anayetaka kuirudisha redio ya umma atatakiwa aeleze kodi gani ipandishwe au nini kikatwe. Waliotaka kuifuta hawakuwa na sharti hilo, maana kufuta kunaokoa pesa.